Sarafu ya Mkate

14 Septemba

Daktari wa macho kaniambia niandike. Kila asubuhi nimuulize babu anaona nini dirishani, niandike, maana babu mwenyewe akiulizwa hospitali anasema naona kila kitu. Mimi shule niliacha darasa la nane. Nafunga matairi kwa mzee Dimo, barabara ya kwenda Plovdiv, na kitu kirefu zaidi nilichowahi kuandika ni namba ya gari. Lakini daftari nimenunua.

Ugonjwa wenyewe unaanzia katikati ya jicho. Daktari alichora duara, akapaka wino katikati. Hapa patakuwa ukungu, akasema, halafu ukungu utapanuka. Pembeni panabaki. Ikifika Krismasi tutajua umekula kiasi gani.

Dirishani leo: mti wa jozi, bomba la moshi la jirani, mlima. Vyote vipo.

15 Septemba

Vyote vipo. Joto.

18 Septemba

Babu kaniangalia wakati wa chai, akasema, "Yasen, leo huna pua."
Bibi Velika akasema, "Mwache mtoto, hiyo pua ni ya kwako mwenyewe, kaipata kwenu."
"Basi irudishwe kwa mwenyewe, imepotea."
Tulicheka. Halafu niliona bibi kageukia sinki na maji yanamwagika tu, haoshi kitu.

Mlima bado upo. Bomba la moshi limekatika kati.

21 Septemba

Leo mtaa mzima unachoma pilipili hoho za akiba ya baridi, moshi mpaka ndani ya shuka. Mjomba Gencho kaja kutoka Plovdiv kusaidia kumenya, kamenya nne, kakaa.

Babu katoa masanduku yake ya sarafu mezani, katikati ya pilipili. Miaka hamsini anakusanya. Zamani kila Jumapili alikuwa anakaa dirishani na kioo cha kukuzia, anachukua moja anaigeuza. Sasa hata kioo hakisaidii. Akasema, "Nataka kuziona zote mara moja tena. Kubwa."
Bibi akasema, "Juzi kwenye televisheni si ulimwona golikipa?"
"Nilimwona kwa kuwa alikuwa mkubwa kama kabati."
"Basi zipigwe picha, ziwekwe kwenye televisheni."

Nilidhani babu atamcheka. Akasema ndiyo.

Mjomba akarukia hapo hapo. Plovdiv kuna studio, wanapiga sarafu za watu wakubwa, wana mashine, kazi safi. Babu akasema, "Atakayechagua ni Yasen."
"Yasen? Huyu anayeonyesha mkate kwa kidole dukani ili asiseme?"
"Ndiyo huyo. Anayesema sana haangalii, Gencho. Wewe umemenya pilipili nne na zote zina ngozi."

Mimi nilikuwa natazama mezani tu. Masikio yalikuwa ya moto.

22 Septemba

Babu hataki sarafu nzuri zitoke nyumbani. Kanipa moja ya kujaribia watu: sarafu ya mkate.

Niiandike hadithi yake, maana siku moja nitaisahau nani aliisema vipi. Mkesha wa Krismasi sisi huoka mkate wa duara na sarafu ndani, atakayeipata kwenye kipande chake mwaka ni wake. Mwaka mmoja bibi alikosa sarafu ya kawaida mfukoni, akachukua moja kwenye sanduku la babu bila kuuliza. Ya fedha tupu, ya leva mia, pesa yetu ya zamani, yenye kichwa cha mfalme. Ikamwangukia mama yangu, Iskra, akiwa na miaka saba. Walipomwambia lazima irudi sandukuni, akaenda chooni na sindano nene ya kushonea viatu akaichora, karibu na ukingo, chini ya shingo ya mfalme, mstari mdogo kama unyasi. Ili mwakani aijue. Babu alimnyamazia wiki nzima. Kwa wakusanyaji sarafu iliyochorwa imekufa.

Toka hapo ndiyo inaokwa kila mwaka. Imekuwa nyeusi, kahawia, na ukingoni ina rangi kama ya bluu ya shingo ya njiwa. Babu anaita ngozi. Anasema sarafu inavaa ngozi yake polepole, na ukiisugua umeichuna. Weusi umeingia ndani ya ule mstari, ndiyo maana unaonekana.

Mama alikufa nikiwa na miaka tisa. Kitu alichoandika na kikabaki ni huo mstari.

29 Septemba

Nimekwenda kwa Krum. Mji wetu ni wa magauni ya harusi, kila duka la tatu lina bibi harusi wa plastiki dirishani, na Krum ndiye anayepiga maharusi wote. Nilizunguka mtaa wake mara kadhaa kabla ya kuingia.

"Nani anaoa?" akauliza.
Nikaweka sarafu mezani.
"Huyu bwana harusi ni mzee," Krum akasema. Mtu mzuri, mcheshi, lakini taa zake zote ni za kulifanya gauni jeupe liwe jeupe zaidi. Akawasha, pwaa! Katikati ya sarafu pakawa kama jua. Mfalme hana uso. Pembeni tu ndiyo pamebaki na rangi. Na picha ndogo hana, akanichapia saizi ya kutundika sebuleni, kubwa kama sinia.

Babu nilimwambia tu kwamba Krum hafai, taa yake inaunguza. Bibi yeye kaipenda. "Jamani inavyong'aa! Kama nyota." Kaibandika kwenye mlango wa friji, imejaa mlango mzima. Babu akipita pale anaona kitu cheupe, anadhani ni friji.

Dirishani: mlima, nusu ya mti.

3 Oktoba

Zabibu. Mikono inanata mpaka kitandani.

9 Oktoba

Nusu ya mti. Ukungu wa kweli pia upo leo, kwa hiyo sijui niandike upi ni wa nani.

15 Oktoba

Mjomba aliichukua sarafu akaipeleka studio yake, leo imerudi na picha kwenye flashi. Tukaiweka kwenye televisheni. Nakiri ni picha nzuri. Mfalme yupo na nywele moja moja, unaweza kumchana. Mjomba kasimama kando kama yeye ndiye aliyemzaa.

"Mnaona? Hiyo ndiyo kazi!"

Mimi nilitafuta ule unyasi chini ya shingo. Nikasogea. Nikatafuta tena. Palikuwa laini kama shavu la mtoto. Kwenye bahasha wameandika kwamba kasoro ndogo wameziondoa kwa kompyuta, bila malipo, zawadi kwa mteja mpya.

Babu akauliza, "Yasen, alama iko?"
Nikatikisa kichwa, halafu nikakumbuka hanioni vizuri, ikabidi niseme. "Haiko, babu. Wameitoa."
Mjomba akasema, "Si ni kwa wema! Watu wanalipa kutolewa mikwaruzo!"
Babu akasema, "Mwambie huyo mwema asante. Na asiniguse mimi, maana atanitoa mikunjo, Velika asinijue."

Mjomba kaondoka bila kula. Namuonea huruma kidogo. Alitaka kuleta kitu kizuri.

16 Oktoba

Mvua.

17 Oktoba

Mvua. Babu anasema bomba la moshi halipo tena. Lipo, linatoa moshi.

25 Oktoba

Jirani kamtaja mama Sevda. Sikumfikiria kabisa, kwa sababu mama Sevda anapiga picha za makaburi. Yaani zile za kauri, za duara, zinazobandikwa kwenye jiwe. Ya mama yangu alitengeneza yeye.

Babu kusikia tu: "Wewe unanipeleka kwa mpiga picha wa wafu kabla sijafa?"
Bibi akajipiga ishara ya msalaba akatema mate pembeni mara tatu.
"Si wewe, babu," nikasema. "Ni sarafu."
"Haya. Lakini mwambie asinitazame sana."

27 Oktoba

Mama Sevda ni mnene, ana sauti kama ya dereva wa lori, anavuta sigara nje kwenye mvua. Aliichukua sarafu, hakunicheka.

"Unataka iweje?"
"Ilivyo."
"Kila mtu anasema hivyo. Mimi wananiletea picha ya marehemu, wanasema mama Sevda toa mikunjo. Natoa. Mwakani wanarudi wamenuna, eti huyu si mama. Kweli si mama, mama nimemtoa, yuko kwenye pipa la taka." Akakohoa. "Ilivyo, kwa taa ipi? Mchana? Jioni?"

Sikujua kwamba kuna ipi. Akanionyesha. Taa ikilala chini pembeni, mstari wa mama unatoka kama mfereji, lakini rangi zote zinakufa. Taa ikitoka juu, rangi za njiwa zinakuja, mstari unapotea. Alijaribu, akatukana, akajaribu. Zote zilikuwa za kweli na zote zilikosea. Mwisho akasema, "Kijana, chagua moja twende. Kweli yote haikai kwenye picha moja."

Nilishindwa. Nimeondoka na sarafu mfukoni.

2 Novemba

Watu wote wa mji wanataka matairi ya theluji siku moja. Sina mgongo.

Babu anasema sina pua, sina mdomo. "Umebaki masikio tu, Yasen. Unafaa, maana husemi."

4 Novemba

Leo nimeona kitu. Babu alikuwa kakaa dirishani na sarafu mkononi, kwa mazoea. Haioni, lakini mkono bado unafanya. Unainamisha kushoto taratibu, halafu kuelekea kifuani, halafu unarudi. Kila sarafu vilevile. Nimeuona huo mkono maisha yangu yote, leo ndiyo nimeuangalia. Hakuwahi kutazama sarafu imesimama. Alikuwa anatazama mwanga ukitembea.

5 Novemba

Wakati wa chakula cha mchana nilikimbia kwa mama Sevda na nguo za kazi. Nilisema yote mlangoni, kwa pumzi moja, na mkono wangu unainama kushoto na kifuani kama mwehu. Sijawahi kumwambia mgeni maneno mengi hivyo.

Akanitazama. "Yaani sarafu ikae, taa ndiyo izunguke. Nyingi kwa kila sarafu, zipite moja baada ya nyingine, taratibu."
"Taratibu kama mkono wa babu."
"Huo mkono lazima niuone mwenyewe. Nitakuja kwenu Jumamosi na vitu vyangu."

Nimerudi kazini mbio. Nimemfungia mtu tairi la kulia kushoto.

8 Novemba

Naandika hii nikiwa sijui nifanye nini.

Mama Sevda kaja asubuhi. Bibi tangu jana anasafisha, kaoka, kaosha mapazia, utadhani anakuja askofu. Jikoni tukafunga pazia, mama Sevda kaweka mguu wake wa kamera, kamkalisha babu, kamwambia, "Mzee Minko, shika sarafu, geuza kama unavyogeuza." Kautazama ule mkono muda mrefu. Halafu akaanza. Mpaka saa kumi jioni tulikuwa karibu tunamaliza. Babu kasinzia kwenye kiti.

Nikasema, bado ya mkate. Bibi akasema ninayo, akaitoa kwenye kitambaa cha pasi, safi, kilichokunjwa.

Ilikuwa nyeupe.

Weupe ule wa kijiko kipya. Kwa magadi na siki, jana, kwa mswaki. Bibi alikuwa anatabasamu. "Inakwenda kupigwa picha, nimeiosha uso. Iwe kama ile ya kwenye friji."

Mama Sevda kaweka taa chini. Mimi niliishika. Rangi ya njiwa hakuna. Mstari wa mama hauonekani, mpaka uinamishe sana, na hata hapo ni kama unywele. Bibi akanisoma usoni. Yeye ananiona pua na vyote. Tabasamu lake likafutika taratibu.

"Yasen," akanong'ona, "nimefanya nini?"

Babu kageuka kwenye kiti. Bibi akanishika mkono wa shati. "Usimwambie."

Mama Sevda kaipiga kama ilivyo. Ndivyo nilivyomwomba wiki zote, apige kama ilivyo.

10 Novemba

Sijamwambia.

13 Novemba

Sijamwambia. Anauliza picha zitakuja lini.

16 Novemba

Theluji ya kwanza. Babu kaiona, anasema pembeni pote ni peupe. Bibi hali vizuri. Sijamwambia.

22 Novemba

Picha zimekuja. Mjomba Gencho pia kaja, kanunua waya wa televisheni, na wakati wa kuuchomeka kanipiga begani, "Haya bubu, tuone makaburi yako."

Sikutegemea. Sarafu ya kwanza ikajaa kioo chote cha televisheni, mwanga ukapanda shavuni taratibu, ukashuka, ukafika kwenye herufi, ukarudi. Babu kajongeza kiti, kageuza kichwa pembeni kama kuku anayetazama punje, anatazama kwa mkia wa jicho. Na mkono wake, juu ya goti, mtupu, ukaanza kuinama kushoto.

"Hii ni ya yule Muarmenia wa mji wa Ruse," akasema. "Nilimpa koti langu. Nilirudi nyumbani na baridi."
"Na mimi nikakuuliza koti liko wapi ukasema treni," bibi akasema.
"Treni ilikuwa Muarmenia."

Tulicheka sana. Mjomba alikuwa analia na kusema ni vitunguu, na vitunguu havikuwepo. Nyingine, na nyingine. Kila moja aliijua. Nilitaka zisiishe, kwa sababu nilijua ya mwisho ni ipi.

Ikaja. Mwanga ukatembea juu ya kitu cheupe.

Babu akasimama, akaenda mpaka sikio linagusa kioo. "Hii si yangu." Halafu, "Iko wapi alama ya Iskra?"

Mjomba kafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Ni bibi aliyesema. Kasimama na kitaulo mkononi akasema yote, magadi, siki, mswaki, kitambaa. Babu hakupiga kelele. Kachukua kofia, katoka uani kwenye theluji, kasimama chini ya mti wa jozi ambao haoni.

24 Novemba

Hasemi na bibi. Chumvi anaomba kwangu.

27 Novemba

Hasemi. Dirishani anasema hakuna kitu, lakini nadhani hakutazama.

30 Novemba

Leo asubuhi bibi kaweka sufuria chini kwa nguvu.

"Minko. Hii ni mara ya pili unanyamaza kwa ajili ya sarafu hiyo hiyo. Mara ya kwanza ulimnyamazia mtoto wa miaka saba. Huyo mtoto hayupo. Mimi nipo. Lakini mimi na wewe tumebakiza siku ngapi za kunyamaziana?"

Babu alikaa na kijiko hewani. Supu ikawa inadondoka.

Nilikwenda kwenye friji kutoa maziwa, kwa sababu sikujua niangalie wapi. Na hapo mlangoni ilikuwepo, kubwa kama sinia, nimeipita miezi miwili. Picha ya Krum. Katikati jua tupu, hana uso mfalme, hana kitu. Lakini pembeni! Ukingo wote, kahawia, nyeusi, bluu ya njiwa. Na chini ya shingo, pale ambapo mwanga umeishia, unyasi. Mweusi, umenyooka, na pale mwisho umejikunja kidogo ambapo sindano iliteleza.

Nikaibandua. Nikamwekea babu mezani, nikasukuma supu.

"Nini hiki?"
"Ni sarafu ya mkate, babu. Kabla. Ni ya Krum."
"Ulisema Krum hafai."
"Hafai. Katikati pameungua, hapaonekani kitu. Lakini wewe tazama pembeni."

Kageuza kichwa kama kuku. Kaisogeza picha, kaivuta, kaizungusha. Halafu akaacha kuizungusha.

"Katikati hata kwangu pameungua," akasema. "Sijui kama ni Krum au ni jicho langu." Kidole chake kikatembea ukingoni, kikapita rangi, kikafika chini ya shingo. Hakikukosea. "Huyu hapa. Huyu hapa mtundu."

Bibi kasogea akasimama nyuma yake. Babu hakugeuka, lakini alipapasa nyuma mpaka akaupata mkono wake.

"Velika. Unga upo?"
"Krismasi bado, mzee."
"Najua. Nauliza tu kama upo."

6 Desemba

Mama Sevda kaja kunywa rakia, pombe yetu kali. Kaiona picha ya Krum sasa imetundikwa sebuleni, kwenye fremu. Kasema ni picha mbaya kuliko zote alizowahi kuona. Babu kasema, "Ndiyo. Usiiguse."

15 Desemba

Matairi. Baridi kali.

24 Desemba

Maharage, majani ya kabichi yenye wali, matunda makavu, jozi za mti wetu. Mjomba kaleta familia nzima. Bibi kakanda mkate, akaniita, akanionyesha sarafu nyeupe kabla ya kuizamisha kwenye unga. "Ikaungue vizuri," akaiambia.

Anayekanda anajua sarafu iko upande gani, na mimi nilimwona akiweka sinia mezani ili upande ule umwelekee babu. Lakini babu kwa desturi huzungusha mkate mara tatu, na safari hii aliuzungusha polepole, kwa vidole, kana kwamba anasikiliza. Kamega. Kipande cha kwanza cha nyumba, cha pili chake, cha tatu cha bibi.

Bibi aling'ata, akaacha kutafuna. Kaitoa mdomoni, kaiweka mezani, na uso wake siwezi kuuandika.

"Hongera," babu akasema. "Mwaka ni wako. Usiioshe."

25 Desemba

Dirishani: theluji pembeni pote. Mti hakuna, bomba hakuna, mlima hakuna. Mimi nina sikio moja.

Sarafu ina doa ukingoni, la kahawia, dogo kama tone la chai. Nimemwambia babu. Kaniambia liandike hilo.